Kanze Si Marehemu

Kanze wa Mwambire aliingia studio bila hodi wala salamu. Zuleikha alikuwa nyuma ya meza akikoroga chai nzito isiyo na maziwa ndani ya sinia la bati, naye aliponyanyua uso alistaajabu. Alimjua Kanze kwa adabu zake. Huyu ndiye aliyewaletea maziwa kutoka Ganda kila asubuhi, na kabla hajatua dumu lake chini huuliza hali ya kila mtu wa nyumba ile, mmoja mmoja, hata paka.

"Nataka kujua," Kanze alisema, "mino, mimi Kanze, nilikufa lini."

Zuleikha alicheka kidogo, akidhani ni mzaha. "Maneno gani hayo, Kanze? Kaa kwanza."

"Sikai. Wewe nijibu. Wasichana wanaofagia kule hoteli anakofanya kazi mume wangu Mwambire wamerudi nyumbani wakinicheka. Wanasema niko ukutani, pale wageni wanapopokewa, nimegeuzwa rangi ya udongo kama kitu kilichofukuliwa. Chini pameandikwa kwamba niliishi zamani, kabla mama yangu hajazaliwa, na jina langu halijulikani. Sasa kisimani naitwa marehemu. Jana nilimpa mtoto wa jirani andazi akalikataa. Anasema amekatazwa kula cha maiti."

Mkono wa Zuleikha uliokuwa ukikoroga ulisimama. Ndani ya sinia, chini ya ile chai, uso wa mzee mmoja wa Ngomeni ulikuwa ukigeuka manjano polepole. Alivuta kitambaa akaufunika, lakini alikuwa amechelewa.

"Na huyo?" Kanze aliuliza akinyoosha shingo. "Naye amekufa?"

Mlango wa chumba cha giza ulifunguka, akatoka Mbaruk, mume wa Zuleikha, akijifuta dawa mikononi. Alikuwa amesikia yote. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, na upole wake ulizidi kila alipojua kwamba ana makosa.

"Kanze, dada yangu, hebu tuelewane. Ulitaka picha, ukapigwa picha, ukaondoka nayo. Negativu, ile filamu yenyewe, hubaki kwa mpiga picha. Ndivyo ilivyo kila mahali."

"Mimi nilikuja nipigwe picha ya kumpelekea mama yangu kule Ganze. Miguu yake haimfikishi tena huku, nikataka awe ananiona. Sikuja kupigwa picha ya wageni."

"Kule hotelini hakuna anayekujua. Aliyeumia ni nani?"

"Jina langu halijulikani!" Kanze alipiga meza, chai ikamwagika. "Wewe mwenyewe uliniuliza jina. Ukaliandika juu ya bahasha kwa mkono wako, mimi nimesimama hapa hapa nikikutazama. Kesho naenda kujitoa ukutani. Anayetaka kuja, aje."

Alitoka. Maziwa ya siku ile hakuyaacha.

*

Katika Kiswahili cha studio, kutoa picha kutoka kwenye filamu huitwa kusafisha. Mbaruk alisafisha picha tangu ujana wake, na kwa miaka mingi kazi hiyo ilitosha nyumba. Kisha Mombasa zikaja mashine za picha za rangi, na watu wakawa wanatuma filamu zao huko kwa basi. Waliobaki kwa Mbaruk ni wenye kutaka picha za kitambulisho. Ilikuwa mwaka wa themanini na sita, kuta za studio zimeanza kubanduka chokaa, ndipo meneja wa hoteli mpya ya ufukweni, Bwana Thuku, alipoingia akaulizia picha za kale.

Mbaruk alikuwa nazo chache alizopiga marehemu baba yake. Thuku alizichukua zote, akalipa vizuri, akasema mwenye hoteli anataka nyingi zaidi, za kujaza ukumbi na kila chumba. Hapo ndipo Zuleikha alipovumbua kazi yake. Mume akasafisha, mke akachafua. Alilowesha picha mpya ndani ya chai, akazianika darini zipate kujikunja, akasugua kingo kwa msasa laini, akazifukiza moshi wa makumbi ya nazi. Madoa ya ukungu aliyatia kwa kahawa na unyoya wa kuku. Picha iliyopigwa juzi ilitoka mikononi mwake ikionekana imevuka vita viwili. Mbaruk mwenyewe alikuwa akizitazama na kutikisa kichwa. "Mikono hii ina uchawi," alimwambia, na Zuleikha alifurahi, kwa kuwa tangu aolewe hakuna aliyemsifu kwa kazi isiyo ya jikoni.

Nyuso walizipata ndani ya masanduku ya negativu. Walichagua wazee, na watu wa mashamba, na kila aliyekuja amevaa kienyeji. Wenye suti waliachwa.

Jioni ya siku ile Zuleikha hakugusa chakula. Mama mkwe wake, Bi Hindu, aliyekuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba akisuka ukili, alimtazama mara mbili kabla hajasema.

"Muuza maziwa ndiye anayekunyima kula?"

"Mama, nilimtoa saa yake."

"Saa gani?"

"Alipokuja kupigwa picha alikuwa na saa mkononi. Saa yake mwenyewe, aliinunua kwa pesa za kuokota korosho, akaniambia niangalie itokee vizuri. Alikaa mkono huu juu, hivi. Nikaichukua negativu nikaikwangua saa kwa wembe, maana watu wa kale hawakuwa na saa. Nikamchorea bangili ya shanga."

Mbaruk aliacha kula. "Na ulichora vizuri, hakuna aliyejua."

"Mimi najua."

"Haya basi. Kesho nitampelekea zawadi, leso nzuri, yaishe."

"Amekwambia anataka leso?"

"Zuleikha, sikiza. Kazi ya ule ukumbi ndiyo imetia chokaa ukuta huu. Ndiyo inayonunua dawa ya macho ya mama. Kukikosekana hoteli, tutarudi kupiga picha za kitambulisho, mtu mmoja kwa wiki. Wataka hivyo?"

"Nataka kwenda naye."

Bi Hindu aliweka ukili chini. "Wende wapi? Mke wa mtu akasimame hotelini, mbele ya wanawake walio nusu uchi, kwa ajili ya Mgiriama wa Ganda? Watu wale wana maneno mengi, leo analia kesho amesahau. Sisi watu wa mtaa huu wa Shela tutaongewa mwaka mzima."

"Waseme, mama. Yeye anaitwa maiti. Mimi nikiitwa mtembezi nitakufa?"

Mbaruk hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alinawa mikono, akasimama mlangoni. "Ukienda kesho," alisema, "usije ukaniuliza kwa nini chungu kimelala."

"Nitakuuliza," Zuleikha alijibu. "Wewe ndiye mume wangu, nikamuulize nani mwingine?"

*

Kanze alikuwa tayari amefika kwenye lango la hoteli Zuleikha alipomkuta. Hakusema karibu wala toka. Alimtazama buibui lake, akasogea kidogo kumpa nafasi ya kusimama.

Askari wa lango, Ochola, aliwaambia wenye biashara hupitia nyuma, jikoni.

"Hatuna biashara," Kanze alisema.

"Basi mmekuja kumuona nani?"

"Nimekuja kujiona mwenyewe."

Ochola aliangalia huku na huku. Alikuwa ameisikia habari ile kutoka kwa wafagiaji, tena aliicheka pamoja nao. Sasa mwenye habari alikuwa mbele yake, jasho la njia ya Ganda likimtiririka shingoni, na kicheko hakikuja. "Mimi sijawaona," alisema, akageuka kuangalia barabara.

Ukumbi ulikuwa baridi na mweupe. Picha zilipangwa ukutani kwa fremu nyeusi, zote za rangi moja ya chai, na ya Kanze ilikuwa katikati, kubwa kuliko nyingine, juu ya meza ya wapokeaji. Zuleikha hakuwahi kuiona mahali pale. Studio aliiona ikiwa kazi, na kazi nzuri. Hapa ilikuwa mwanamke aliyefungiwa kwenye kioo, mabega wazi, macho yakimtazama mtu asiyekuwepo. Chini yake, kwa Kiingereza na Kitaliano, kikaratasi kilisema huyu ni mwanamwali wa Kigiriama wa karne iliyopita, jina halijulikani.

Kanze aliitazama muda mrefu. Hakuwahi kujiona mkubwa hivyo. Kisha jicho lake likashuka mpaka mkononi.

"Saa yangu iko wapi?"

Zuleikha alijua swali hili litakuja, hata hivyo lilimchoma. "Niliitoa mimi. Kwa wembe."

"Wewe?"

"Mimi. Mbaruk alisafisha, mimi ndiye niliyekuzeesha."

Kanze aligeuka akamkabili. Watumishi wa mapokezi waliacha kuandika. "Nilikaa mwezi mzima nikiokota korosho za watu," alisema polepole, "nikainunua saa ile ili mama yangu aone kwamba mwanawe hakuangamia. Nawe ukaitoa, ili nionekane nani?"



Bwana Thuku alitoka ofisini kwake akivuta mkanda wa suruali. Alikuwa mtu wa bara, mwenye haraka, aliyeogopa tajiri wake kuliko alivyopenda watu wajue. Alimtambua Zuleikha, akamtambua na mwanamke aliyekuwa naye, kwa kuwa alipita mbele ya uso ule kila siku. Kwa utulivu wa aliyezoea wageni wenye malalamiko, alitabasamu.

"Akina mama, tuzungumzie ofisini."

"Tuzungumzie hapa," Kanze alisema. "Hapa ndipo nilipo."

"Mama, hii ni picha ya miaka mingi. Labda bibi yako mlifanana."

Zuleikha alifungua kinywa, lakini Thuku alimwahi kwa sauti ya chini. "Wewe nyamaza. Mumeo amekula pesa ya hii hoteli. Mnajua na mimi najua. Mgeni hakuvuka bahari kuja kuangalia mwanamke anayeuza maziwa. Huyo anamwona barabarani. Anataka aliyekwisha."

"Sijakwisha," Kanze alisema.

Mgeni mmoja, mzee mwenye kofia ya ukili, alisimama karibu na ngazi. Alimtazama Kanze, akatazama ukuta, kisha uso ukamchangamka, akanyanyua kamera yake. Kanze alinyoosha kiganja mbele ya lenzi bila hata kumgeukia. Mzee yule alisita, akaishusha kamera, akawa mwekundu.

Thuku aliona mambo yanaharibika. Nje ya mlango wa kioo mtunza bustani alikuwa akinyunyizia maua, amewapa mgongo, mpira wa maji ukilowesha mahali pamoja tu. Mgongo ule Kanze aliujua. Mwambire alikuwa ameulizwa na wenziwe mara kadhaa kama yule wa ukutani si mkewe, na kila mara aliapa kwamba si yeye. Aliona haya. Tena aliogopa kufukuzwa kazi.

"Mwambire!" Thuku aliita. "Njoo umtoe mkeo."

Mwambire alizima maji. Aliingia na viatu vyake vya mpira vyenye tope, mahali ambapo tangu aajiriwe hakuruhusiwa kukanyaga. Alisimama kati ya meza na mkewe, akanyanyua macho ukutani kwa mara ya kwanza.

"Yupi, bwana?" aliuliza. "Wa ukutani au huyu?"

Msichana mmoja wa mapokezi alicheka, akaziba mdomo.

"Usinichezee! Mtoe huyu mwanamke nje."

"Huyu atatoka mwenyewe. Huyu wa juu ndiye asiyeweza kushuka." Alivuta kiti cha wageni, akavua viatu, akapanda.

"Ukiigusa hiyo, huna kazi hapa."

Mwambire alibaki na mikono hewani. Aliwaza ada ya shule, na mabati aliyokuwa ameahidiwa kukopeshwa. "Niliwaambia watu simjui," alisema, haikujulikana anamwambia nani. Kisha aliing'oa picha msumarini, akaishusha.

"Ni mali ya hoteli!" Thuku alipaza sauti. "Nitaita polisi."

Zuleikha aliipokea fremu kutoka kwa Mwambire, akailaza juu ya meza ya mapokezi na kufungua vishikizo vya nyuma. Ilikuwa kazi aliyoizoea. Alitoa kioo, akakiweka mbele ya Thuku. Akaweka ubao wa nyuma. Akaweka fremu.

"Mali ya hoteli hiyo hapo. Tulichokula tutakirudisha, hata kwa kidogo kidogo. Waite polisi, nami nitawaambia picha hizi zote nimezipika kwa chai. Wapi nilinunua majani, nitawaambia."

Thuku aliwaangalia wageni waliokuwa wakikusanyika ngazini. Hakumwita mtu.

Kanze aliichukua picha. Aliikunja mara moja, akaichana, akarudia kuichana. Vipande vilianguka juu ya meza safi ya mapokezi, shanga upande huu, jicho upande ule.

"Huyo ndiye aliyekufa," alisema. "Mzikeni."

Walitoka kwa mlango wa mbele, wote watatu. Mwambire alivibeba viatu vyake mkononi.

*

Kabla wiki haijaisha gari la hoteli lilishusha picha zote mlangoni mwa studio, zimefungwa kwa kamba kama kuni. Thuku hakuja mwenyewe, lakini alituma maneno: Mbaruk akitaka kurudishiwa kazi, atafute watu wa mbali zaidi, wasioweza kufika hotelini, na amfunge mkewe mdomo.

Mbaruk alilifikiria jambo lile. Zuleikha alipokuwa sokoni alipika chai mwenyewe, akalowesha picha ya mkulima mmoja. Hakujua kiasi wala muda. Karatasi ilifura ikapasuka, uso ukawa na mabaka kama ugonjwa wa ngozi. Zuleikha aliporudi alimkuta ameishika kwa ncha za vidole, maji yanamdondoka miguuni.

"Nionyeshe tu namna ya kuikausha," Mbaruk alisema.

"La."

"Mara moja, Zuleikha."

"Hata hiyo moja." Alilibeba sinia mpaka uani, akaimwaga chai juu ya mchanga. Bi Hindu aliyekuwa kizingitini alifungua kinywa kusema, akamwona uso wake, akaendelea na ukili.

Asubuhi ya pili Zuleikha alikwenda Ganda kwa miguu. Alimkuta Kanze akikamua. Mwambire alikuwa amekwenda kukata makuti kwa watu. Zuleikha alisimama pembeni mpaka ndoo ilipojaa, ndipo akatoa bahasha.

"Nimekuletea negativu yako. Saa siwezi kuirudisha, nimeshaikwangua. Nisamehe."

Kanze aliinua ile filamu kuelekea juani, akaitazama. "Msamaha utakuja ukija," alisema. "Leo sina."

"Sawa."

"Mliua wangapi?"

"Wengi. Wa Ganda, wa Ngomeni, wa Ganze."

"Na majina yao?"

"Yapo yote, juu ya bahasha zao."

Kanze alifunika ndoo kwa kawa ya ukili. "Nitawaambia waje wachukue vyao. Usifunge mlango."

Maziwa yake yaliwafikia watu wengi, na maneno yakafuata maziwa. Wa kwanza kufika alikuwa mzee yule wa Ngomeni, Mzee Bwanamkuu, mwenye uso uliokuwa kwenye sinia. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi, na kwapani alibana redio kubwa ya betri nne.

"Shikamoo, mzee," Zuleikha alimwamkia.

"Marahaba. Mwanangu, nimekuja kuuliza kama na mimi nimeshakufa."

"Hujafa, mzee. Karibu." Alimpa bahasha yake. Nyuma ya mzee alikuwa ameingia mwanamke wa Ganda na cherehani kichwani, na nyuma yake kijana na baiskeli, wakigombania mlango. Wengine walikuwa wamekaa barazani. Habari ya saa ilikuwa imewafikia, na kila mmoja alibeba kile ambacho hakutaka kikwanguliwe.

Mbaruk alitoka chumba cha giza kwa ajili ya zogo. Alimwona mkewe akigawa bahasha moja baada ya nyingine, sanduku likizidi kuwa jepesi.

"Utazimaliza zote," alisema kwa sauti ya chini. "Ndiyo mali yote ya studio."

"Ni zao."

"Na sisi?"

"Sisi tuna kamera. Waulize wenyewe kama wanataka kupigwa picha."

Mbaruk alisimama mbele ya watu wale. Hakuna aliyemchekea. Alijaribu kusema jambo kuhusu desturi ya kazi, akaona halitoki. Mwenye baiskeli ndiye aliyemsaidia.

"Mimi nataka," alisema. "Lakini na baiskeli yangu."

"Baiskeli haienei humu ndani, bwana."

"Toka nje, basi."

Mbaruk alimtazama Zuleikha, naye alikuwa akiendelea kugawa bahasha. Aliibeba kamera na miguu yake mitatu, akaitoa barabarani kweupe, ambapo tangu baba yake amrithishe studio hakuwahi kumpiga mtu picha. Watu walijipanga. Mzee Bwanamkuu alikataa kupitwa na vijana, akaenda akasimama wa kwanza, redio kifuani, antena yake imenyooshwa juu.

"Isikwanguliwe," alisema.

"Haikwanguliwi," Mbaruk alijibu kutoka nyuma ya kamera.

"Na jina langu uliandike hapo hapo mbele. Lote."

"Nitaliandika."

"Basi piga," mzee alisema, akanyanyua kidevu.